SOMO LA AFYA: Kinywa cha Mgonjwa wa Skleroderma



Somo hili limetokana na dada mmoja aliyeacha kushiriki Meza ya Bwana. Tulipomtembelea tulidhani ana jambo moyoni. Kumbe mdomo wake ulikuwa umebana, haupitishi kipande cha mkate, na mate ya kuulainisha hayapo. Alijificha kwa sababu majirani walisema ana ukoma, na wengine walisema amelogwa.

Hospitalini aliambiwa ni skleroderma. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, na ngozi huwa ngumu na kubana. Huwapata zaidi wanawake. Hauambukizi kabisa, basi kikombe chake na mkono wake si vya kuogopwa. Bwana Yesu alimgusa mwenye ukoma (someni Marko 1), nasi tunakimbia hata usio ukoma!

Kwa nini tuzungumze meno, na ngozi ndiyo inayougua? Mate ndiyo yanayosafisha meno, na mgonjwa huyu hana mate ya kutosha. Vidole vyake vimekakamaa, hashiki mswaki vizuri. Asidi ya tumbo hupanda na kula meno. Kisha jino likioza, daktari hapati nafasi ya kuingiza vyombo. Ndiyo maana jino lake halingojewi liume.

Mnunulieni mswaki mdogo wa mtoto, ulio laini. Mpini uzungushieni kitambaa au ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, unenepe, ashike bila taabu. Kijiti cha mwarobaini tumekizoea, lakini meno ya nyuma hakiyafikii mdomo ukibana. Atumie dawa ya meno yenye floraidi asubuhi na kabla ya kulala. Asiyeweza mwenyewe asaidiwe na mume au mtoto, wala isiwe aibu.

Akicheua asidi au akitapika, asukutue kwa maji tu na angoje kama saa moja ndipo apige mswaki. Jioni ale mapema, alale kichwa kikiwa juu kidogo. Chupa ya maji iwe karibu, anywe kidogo kidogo. Peremende na soda haziponyi ukavu wa kinywa, zinaozesha meno. Uji wenye ukwaju ni mtamu, tunajua, lakini uchachu wake huumiza meno yasiyo na mate. Tumbaku aache kabisa, maana hubana pia mishipa ya damu ya vidole.

Kila asubuhi na jioni aweke kitambaa cha maji ya uvuguvugu mashavuni, kisha afungue mdomo hadi mwisho, ahesabu hadi kumi, apumzike, arudie. Avute pembe za mdomo taratibu kwa vidole gumba. Akiacha mazoezi haya, mdomo hurudi kubana.

Wengine hupewa nifedipini kwa ajili ya vidole vinavyogeuka vyeupe kwa baridi. Dawa hiyo yaweza kuvimbisha fizi. Usiiache peke yako, mwambie daktari wa meno. Utando mweupe kinywani nao uonwe na mganga. Na kichwa kikiuma sana ghafla, au macho yakififia, nenda upimwe presha siku hiyo hiyo, kwa sababu ugonjwa huu waweza kushika figo.

Anzeni kituo cha afya cha makazi, mwombe barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Koboko au Hospitali ya Rufaa ya Arua. Kwa daktari wa meno tajeni ugonjwa kabla hajaanza, ili afanye kazi kidogo kidogo na mgonjwa apumzishe taya.

Kuhusu dada yetu, tulizungumza na wazee wa kanisa. Sasa anapewa maji kwanza, na mkate wake hukatwa mdogo na kulowekwa. Jumapili iliyopita alishiriki.