Black Mamba ikirudi barabarani: vidokezo vya fundi wa Jumamosi, Nyamasaria

Kabla pikipiki hazijajaa Kondele, Kisumu ilikuwa ya ngware, yaani baiskeli za kubeba abiria. Ulipanda nyuma, ukakalia mto uliofungwa kwenye karia, ukamwachia mwenye miguu kazi yake. Zile baiskeli nyeusi tulizoziita Black Mamba, Raleigh za Nottingham, Hero na Avon za India, Phoenix za Shanghai, leo zimeegemea mabanda ya kuku kuanzia hapa kwetu Nyamasaria hadi Rabuor. Ukiitaka moja, twende kazi.

1. Usiiite chuma chakavu mbele ya mwenyewe. Pengine ndiyo iliyolipa karo ya watoto wake wote, na mzee akiudhika bei inapanda (haki yake). Mkishaelewana, andikianeni na mtaje namba ya fremu.

2. Ijue kabla ya kununua vipuri. Nembo ikiwa imeng'oka, tazama gia ya mbele: Raleigh nyingi za zamani zimechongwa vichwa vya korongo. Ukiwaona hao, tahadhari. Vikombe vya gololi pale kwenye kranki vina thredi 26 kwa inchi, na vya baiskeli nyingine nyingi vina 24. Kipya kitaingia mizunguko miwili kisha kigome, na ukilazimisha umeua fremu. Visafishe vile vya zamani, uviwekee grisi na gololi mpya za robo inchi, 11 kila upande.

3. Kota pini, mama wa matusi yote. Huu ndio msumari mnene unaoshikilia kranki kwenye ekseli. Ya kwanza niliigonga nikiwa nimeshaondoa nati. Ikajikunja kama uyoga, na Jumapili nzima ikaishia kwenye drili. Sasa nafanya hivi: oili usiku kucha, asubuhi nalegeza nati mpaka ilingane na ncha ya pini, chini ya kranki nasimamisha kipande cha bomba la chuma kilichokaa sakafuni, ili nguvu isiende kwenye gololi. Halafu pigo moja la nyundo nzito. Vipigo kumi vya woga vinaharibu kuliko kimoja cha uhakika. Ukienda kununua nyingine, beba ile ya zamani, kwani za Raleigh ni nene kidogo, milimita 9.5, na nyingi madukani ni 9.

4. Pedali ya kushoto inafunguka kinyume. Umeambiwa.

5. Kutu ilipo ni pale usipopaona. Udongo mweusi wa Kano hujibana chini ya madigadi, unakaa na maji msimu mzima, unakula bati kutoka ndani. Vua madigadi uyakwangue. Vipande vidogo viloweke kwenye siki au maji mazito ya ukwaju hadi kesho yake, uvisuuze, uvikaushe na kuvipaka oili papo hapo. Kromu isugue kwa karatasi ya foili iliyoloweshwa maji.

6. Weka kopo la rangi chini. Pitisha kitambaa chenye maji ya sabuni polepole, na huenda mistari ya dhahabu ikajitokeza chini ya masizi. Ukishaipulizia rangi mpya, hairudi tena.

7. Hapa nagombana na wenzangu. Fremu nyingi za huku zimechomelewa vyuma vya ziada kwenye foki, na karia imesukwa kwa nondo ili ibebe mama na gunia lake la omena. Wapo wanaovikata ili baiskeli ifanane na ilivyotoka kiwandani. Mimi naviacha. Nottingham ilitengeneza baiskeli. Ngware imetengenezwa na fundi wa jua kali aliyejua barabara ya Ahero ilivyo. Kagua tu kama kulehemu kumepasuka. Mto nao ushonee kitambaa kipya, na nyuzinyuzi za pembeni zining'inie kama zamani.

8. Tairi ni 28 kwa 1½, na ubavuni isomeke 635. Zipo nyingine zinazoitwa 28 lakini ni 622, nazo hazikai kabisa. Rimu pia isiwe ya breki za kebo. Breki za fimbo hubana rimu kutoka ndani, upande wa spoki, kwa hiyo zinahitaji rimu yenye mahali pa kukanyagia. Siku ya mvua, anza kushika breki mapema kuliko unavyodhani.

9. Safari ya kwanza iwe ya Ahero, tambarare tupu, si mlima wa Riat na gia yako moja. Beba spana, pampu na muda wa ziada. Kila kituo kuna mzee atakayekusimamisha, abonyeze tairi kwa kidole gumba, apige kengele mara mbili, kisha aulize unaiuza pesa ngapi.