Khofu ya Maradhi na Ukweli wa Kipimo

Somo letu safari hii ni juu ya khofu ya maradhi, na namna khofu hiyo inavyoharibu kipimo kabla tabibu hajakishika mkononi. Wengi hudhani ya kuwa kipimo ni kama mizani ya dukani, hukwambia uzito upende usipende. Ni kweli, lakini mizani haisemi ila juu ya kile kilichowekwa. Mtu akificha nusu ya mzigo wake, mizani itasema kweli juu ya nusu ile, naye atarudi nyumbani na uwongo alioutengeneza mwenyewe.

Yafaa kwanza tutenge mambo mawili. Kuna kumpima mgonjwa, naye huja kwa sababu maumivu yamemsukuma. Na kuna kumchunguza mtu ajionaye mzima, ili maradhi yajulikane mapema yangali mepesi. Katika uchunguzi huu wa pili hakuna maumivu ya kumsukuma mtu, basi khofu hupata nafasi kubwa zaidi, nayo huingia kwa milango minne.

MLANGO WA KWANZA: MASWALI

Uchunguzi wa kifua kikuu huanza kwa maswali. Mtu huulizwa: Je, wakohoa kwa wiki mbili au zaidi? Wapata homa? Watokwa na jasho jingi usiku? Umepungua uzito? Akijibu ndiyo, hutakiwa atoe makohozi yapimwe.

Tuseme mtu wa Buswelu, fundi wa kuponda mawe, akaa na mkewe na watoto watatu katika vyumba viwili. Amekohoa mwezi mzima. Anapoulizwa, ajibu, “Siku nne tano hivi, ni vumbi la kazi.” Hakukusudia uovu, aliliogopa jina la ugonjwa, na majirani watakavyosema. Karatasi yaandikwa “hapana,” wala makohozi hayatakwi. Usiku arudi kulala karibu na mtoto mchanga, na ugonjwa huu huenea kwa hewa, na watoto wadogo ndio unaowadhuru zaidi. Bwana huyu amekimbia ugonjwa wenye dawa ijulikanayo, itolewayo bure katika vituo vya serikali, na aghlabu humalizika kwa miezi sita. Alichokiokoa ni ugonjwa wenyewe.

Wala haya si dhana tupu. Katika mkoa huu wa Mwanza, tangu mwaka 1998, ulifanywa utafiti uitwao MEMA kwa Vijana katika jumuiya 20 za mashamba. Vijana waliulizwa juu ya mambo ya faragha kwa njia mbalimbali, kisha majibu yao yakalinganishwa na ilivyoonyesha miili yao kwa vipimo. Ikaonekana kuwa wako waliokana kabisa, na hali mimba au maradhi yashuhudia kinyume. Wasichana walificha zaidi kuliko wavulana. Lakini wasichana walipokaa na muulizaji kwa mazungumzo marefu ya faragha, walisema kweli zaidi kuliko walipojibu maswali ya karatasi. Basi ukweli wahitaji utulivu na sitara, wala haukamuliwi kwa haraka.

MLANGO WA PILI: KUMTANGULIZA MWINGINE

Kisesa si mbali na Buswelu, ipo kwenye njia ya Musoma. Huko tangu mwaka 1994 watafiti wamekuwa wakifuata afya ya wenyeji na habari za virusi vya UKIMWI. Katika duru ya mwaka 2003 na 2004 watu walitoa damu kwa ajili ya utafiti, na pamoja na hayo wakapewa nafasi ya kushauriwa na kuambiwa majibu yao. Maelfu walitoa damu. Waliotaka kujua majibu walikuwa wachache. Zingatia jambo hili, ndugu yangu: sindano ni ile ile na mkono ni ule ule. Kilichoogopwa ni khabari.

Wakati ule khofu ilikuwa na hoja kidogo, kwani dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure nchini mwetu mwaka 2004. Leo hoja hiyo imekufa. Mwenye virusi akitumia dawa sawasawa, hata virusi visionekane katika damu kwa kipimo, huishi maisha marefu wala hamwambukizi mwenziwe kwa tendo la ndoa.

Hata hivyo wako waume wanaomtanguliza mke. Mke ajapo na mimba hupimwa kliniki; akirudi salama, mume husema, “Basi nami ni salama.” Hili ni kosa kubwa. Yawezekana mmoja wa mke na mume awe na virusi na mwenziwe asiwe navyo, na kwa muda mrefu. Jibu la mke ni la mke. Mume aliyelitegemea huenda akamwambukiza mkewe baadaye, tena akiwa mjamzito au akinyonyesha, na hapo mtoto naye yumo hatarini.

MLANGO WA TATU: MWILI WENYEWE

Mara nyingine ulimi hausemi uwongo, bali moyo ndio unaopiga mbio. Presha ya mtu aliyeogopa hupanda mbele ya tabibu, kisha hushuka arudipo kwake. Kwa hiyo mpimwaji hutakiwa akae kitako dakika tano, asizungumze, mgongo umeegemea, mkono umelazwa usawa wa moyo, kisha apimwe mara mbili au zaidi, tena siku mbalimbali.

Lakini jihadhari na hila ya pili ya khofu. Wako waambiwao kuwa presha iko juu nao hujibu, “Ni woga tu,” wasirudi tena. Huyu ameifanya khofu kuwa udhuru. Ikiwa kweli ni woga, kupimwa tena kwa utulivu ndiko kutakakobainisha. Na ikiwa si woga, presha haina maumivu ya kumwonya mtu, na huweza kumjia kwa kiharusi siku asiyoitaraji.

MLANGO WA NNE: JIBU

Mtu mwenye khofu hutaka jibu la kumtuliza, si jibu la kumjulisha. Hupima virusi siku chache baada ya kujitia hatarini, akaambiwa havikuonekana, akafurahi na kwenda zake. Hakungojea kusikia kwamba vipimo vya kawaida huweza kuvikosa virusi vichanga, na kwamba yampasa arudie baada ya miezi mitatu. Na mwingine akipata jibu asilolipenda huhama kituo hadi kituo, akitafuta atakayempa alipendalo.

JAWABU LA WASEMAO “YAMEKWISHA ANDIKWA”

Wako wenye kusema, “Ajali ikifika imefika, kupima kwa nini?” Na wakumbuke safari ya Sayyidna Umar kwenda Sham. Alipofika Sargh akaletewa khabari ya tauni, alitaka shauri la masahaba kisha akarudi na watu wake, wala hakuona kuwa kujihadhari ni kuikimbia kadari. Angalia alivyofanya: alisikiliza khabari kwanza, kisha akaamua. Sisi twaziba masikio, kisha twasema tumetawakali.

LA KUFANYA

Khofu yenyewe si aibu wala dhambi. Ni umbile la mwanadamu. Basi usingoje iondoke, bali iondolee nafasi. Jiulize maswali nyumbani kabla ya kwenda, na uhesabu siku za kikohozi chako pamoja na wa nyumbani kwako, kwani wao huzisikia usiku. Nenda na mtu unayemwamini. Kabla ya kupimwa, uliza jibu litakuja siku gani, na likiwa hivi utafanya nini, likiwa vile utafanya nini. Omba kusemeshwa faragha, nayo ni haki yako. Na wewe uulizaye, mganga au mhudumu, usimuulize mtu siri yake mbele ya foleni, ukataraji akupe kweli.

Na likuogopeshapo jambo kulisema, mkumbuke yule mtoto mchanga wa fundi wetu. Yeye hakuulizwa neno. Jibu la babaye ndilo lililomjibia.

MASWALI

1. Kwa nini khofu ina nafasi kubwa zaidi kwa mtu ajionaye mzima?
2. Jibu la fundi lilimdhuru nani, na kwa njia gani?
3. Kwa nini jibu la mke haliwi jibu la mume?
4. Asemaye “ni woga tu” afanye nini ili ajue kweli?