Dawa Bila Paa

Wasomaji wetu wengi wajua ya kuwa kuambukizwa virusi vya UKIMWI si hukumu ya kifo tena. Mwenye kumeza dawa zake kila siku bila kukosa huishi miaka mingi, hufanya kazi na kulea watoto wake. Homa ya ini ya aina ya C nayo, iliyotibiwa zamani kwa sindano za miezi mingi, leo karibu wote huponywa kwa vidonge vya majuma 8 au 12.

Hizo ni habari njema. Lakini twauliza: ni njema kwa nani?

Tumtazame mtu asiye na makao. Usiku alala barazani mwa duka. Vidonge vyake aviweke wapi? Akivitia mfukoni, vyaibwa akiwa usingizini, au askari wa mji wavibeba pamoja na maboksi aliyolalia. Mvua ikinyesha, vyaloa. Akipimwa leo na majibu yakitoka baada ya juma, mwuguzi atamtafuta wapi? Tena akimeza dawa mbele ya wenzake, siri yake imetoka. Mtu huyu asipofuata dawa, watu husema ni mzembe. Sisi twaona kwamba lawama hiyo si ya haki.

Wala hali hii si ya nchi maskini tu. Katika mji wa Chicago, Marekani, wataalamu waliwachukua watu 407 wasio na makao, wenye magonjwa ya kudumu, waliolazwa katika hospitali mbili. Kazi ya kuwaandikisha ilianza mwaka 2003, ikaisha mwaka 2006. Wagonjwa waligawanywa kwa kura mafungu mawili. La kwanza liliachiwa huduma za kawaida za mji. La pili lilipewa mahali pa kupumzikia baada ya kutoka hospitali, kisha nyumba ya kudumu, na mtu wa kuwafuatia mambo yao.

Ikawaje? Katika miezi 18, fungu la pili lilipungukiwa na siku za kulazwa kwa asilimia 29, na safari za chumba cha dharura kwa asilimia 24. Miongoni mwa wote, 105 walikuwa na virusi vya UKIMWI. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa hai na wenye kinga imara ya mwili walikuwa asilimia 55 katika fungu lililopewa nyumba, na asilimia 34 tu katika lile jingine. Hakuna aliyewavumbulia dawa mpya: walichoongezewa ni mlango wa kufunga na mtu wa kuwauliza hali. Kweli, nyumba si muujiza, maana karibu nusu hawakufikia hali hiyo njema. Lakini tofauti ni kubwa mno kuipuuza.

Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, yafundisha kwamba afya si kukosa ugonjwa tu, bali ni hali njema ya mwili, ya akili na ya maisha pamoja na wenzetu. Basi, anayehesabiwa vidonge lakini hana pa kulala, hajapewa afya.

Somo hili latuhusu sisi nyumbani. Kwetu wako wagonjwa waliokosa paa si kwa sababu nyumba hazipo, bali kwa sababu ndugu waliwatenga. Sahani ilitengwa kwanza, kisha kitanda, na mwishowe mtu mwenyewe akaondoka. Na ilikuwa bure kabisa! Virusi vya UKIMWI havipiti katika sahani, wala katika shuka, wala katika kupeana mkono.

Enyi wazazi, kujenga nyumba za wote wasio na makao ni kazi ya serikali na ya wenye uwezo, nasi hatuna budi kuwakumbusha. Lakini kumzuia mmoja asiongezeke barabarani, hilo lahitaji chumba kilichopo tayari, sahani ileile ya wote, na sauti ya jioni inayouliza: "Mwanangu, umeshameza dawa?"