Kabla Deiwaka Hajaingia Wodini

Saa kumi na moja jioni muuguzi wa zamu ya usiku anapiga simu: mwanawe amelazwa, hawezi kuja. Matroni anapekua majina ya wale anaowaita wodi ikipungukiwa, na wa tatu anajibu, "Nipo sista, nakuja." Saa mbili usiku deiwaka huyo, yaani mfanyakazi wa muda, ameshavaa sare, ameonyeshwa kabati la dawa, amekabidhiwa wagonjwa. Leseni yake ya Baraza la Uuguzi na Ukunga imekaguliwa, na ni vizuri. Hakuna aliyemuuliza kama amelala tangu jana, au kama amewahi kuchanjwa homa ya ini.

Mwajiriwa wa kudumu ana mtu wa kumuuliza. Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inadai wafanyakazi wapimwe afya kabla ya kuanza kazi na tena kila baada ya muda. Huyu wa muda anaanguka katikati. Hospitali inayomwita jioni inadhani alishapimwa kule alikoajiriwa, na kule alikoajiriwa hawajui kuwa usiku anafanya kazi kwingine. Kama ameletwa na wakala, wakala amekusanya vyeti, barua za wadhamini na picha mbili, akaamini mambo ya afya ni ya hospitali. Kila mmoja anamwangalia mwenzake, na katikati yao amesimama mtu mwenye mgongo unaouma na mgonjwa asiyejiweza.

Ushauri ninaoutoa hapa ni kwa matroni, waganga wafawidhi, wenye mawakala na familia zinazomtafutia mzazi mtu wa kumhudumia nyumbani. Yote yanasimama juu ya mambo mawili: pima mtu pamoja na kazi atakayoifanya, na hakikisha kusema ukweli hakumnyimi posho ya siku.

Anza na kazi. Kabla hujampigia mtu simu, kaa na wauguzi wa kila wodi muandike nusu ukurasa: hapa mwili wa mtu unafanya nini kwa saa kumi na mbili? Wodi ya mifupa na ya wagonjwa wa kiharusi ni kuinua na kugeuza. Mapokezi ya dharura na chumba cha kujifungulia ni sindano, damu na maji ya mwili. Wodi ya watoto ni surua na tetekuwanga. Wodi ya magonjwa ya kifua ni hewa anayovuta. Usiku popote pale ni usingizi. Karatasi hiyo ukishakuwa nayo, tathmini inapata mahali pa kushika. Muuguzi aliyewahi kuumia pingili za mgongo huenda asifae wodi ya mifupa lakini akawa hodari kabisa kliniki ya kisukari. Cheti cha "afya njema" kilichogongwa muhuri miezi minane iliyopita hakiwezi kukueleza hilo.

Sasa maswali. Swali la "Una ugonjwa wowote?" ni swali baya. Ni pana mno, linaingilia siri ya mtu, na jibu lake karibu siku zote ni "Hapana." Msomee orodha ya kazi za wodi ile kisha umuulize: kati ya hizi, ipo ambayo mwili wako utapata shida kuifanya usiku huu? Halafu uliza machache ya wazi. Je, ana kikohozi kilichozidi wiki mbili, au homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito? Ametapika au kuharisha ndani ya siku mbili zilizopita? Ana kidonda kibichi mkononi, au ngozi ya viganja imepasuka kwa sabuni na glavu? Anatumia dawa inayomletea usingizi? Glavu za mpira zinamwasha?

Jibu la "ndiyo" halimfukuzi mtu, linaonyesha hatua inayofuata. Kikohozi cha wiki mbili kinataka kipimo cha makohozi kabla hajaingia wodini, na akikutwa na kifua kikuu atibiwe, arudi kazini daktari wake atakapothibitisha kuwa haambukizi tena. Aliyeharisha au kutapika akae nyumbani hadi saa 48 zipite tangu dalili zikome, hasa kama kazi yake ni kulisha wagonjwa au kuhudumia watoto wachanga. Kidonda kidogo kifunikwe kwa bandeji isiyopitisha maji. Mikono iliyochubuka sana isipelekwe penye damu mpaka ipone, maana ngozi iliyopasuka ni mlango wazi.

Mimba usiiulize moja kwa moja. Taja hatari za wodi, mwache aseme mwenyewe kama anataka apangwe kwingine. Akisema, mwondoe kwenye kuinua wagonjwa na kwenye tetekuwanga kama hana kinga, wala usimfute kwenye orodha yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya ujauzito, na inamzuia mwajiri kumpangia zamu ya usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua.

VVU nayo watu wengi huikosea. Zipo sehemu zinazomtaka deiwaka alete majibu yake kana kwamba ni kitambulisho. Hairuhusiwi, na haina faida. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima, na ile ya ajira imeitaja hali ya VVU miongoni mwa sababu zisizoruhusiwa kutumika kumbagua mfanyakazi. Kinachomlinda mgonjwa ni tahadhari zilezile kwa kila mtu: mikono inayooshwa, glavu, sindano isiyofunikwa tena baada ya kutumika.

Homa ya ini B ndiyo inayostahili muda wako. Muuguzi asiye na kinga akichomwa na sindano ya mgonjwa mwenye virusi hivi, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufika asilimia 30. Kwa VVU ni takriban asilimia 0.3. Ilhali homa hii ina chanjo nzuri. Watoto wa Tanzania walianza kuipata katika chanjo za kawaida mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo wauguzi wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawana, isipokuwa waliochanjwa ukubwani. Ratiba ya kawaida ni dozi tatu: ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Hapo ndipo mfanyakazi wa muda anapopotea. Dozi ya kwanza aliipata kwenye kituo fulani cha afya, ya pili mahali pengine, na miezi sita ilipotimia hakuna mahali palipomhesabu kuwa mtu wao. Kwa hiyo kadi ya chanjo akae nayo yeye, picha yake iwe kwenye simu yake, nawe uandike tarehe ya dozi inayofuata kwenye orodha yako ya kuitia watu. Mwezi au miwili baada ya dozi ya mwisho apimwe kinga: kiwango kinachotakiwa ni mIU 10 au zaidi kwa kila mililita. Wapo wachache ambao mwili wao haujengi kinga hata baada ya dozi tatu. Mtu kama huyo anahitaji kujua, maana akijichoma sindano matibabu yake ni tofauti.

Na sindano lazima izungumzwe kabla zamu haijaanza. Dakika tano zinatosha. Mwonyeshe kisanduku cha sindano kilipo na mtu wa kumwambia kikijaa. Mwambie kwamba akijichoma aoshe kwa maji na sabuni bila kukamua, kisha aende moja kwa moja kwa daktari wa zamu, hata kama ni saa tisa usiku na hamjui jina. Dawa za kuzuia VVU zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza faida yake, halafu zimezwe siku 28. Swali ambalo hospitali nyingi hazina jibu lake ni hili: kesho yule deiwaka hayupo kwenu, nani atamfuatilia kwa vipimo vya wiki na miezi inayofuata? Taja mtu kwa jina na nambari ya simu. Tukio liandikwe usiku uleule, na ionekane wazi kuwa alikuwa kazini kwenu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi huchangiwa na mwajiri, na mtu ambaye hata jina lake halimo kwenye daftari la zamu atapata shida kubwa kuthibitisha kuwa aliumia kazini.

Sasa uchovu, ambao kwangu ndiyo hatari kubwa kuliko zote kwa mfanyakazi wa muda, na ndiyo isiyoonekana kwenye cheti chochote. Sheria ya ajira inaweka ukomo wa saa 12 za kazi kwa siku, pamoja na za ziada, na saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya siku na siku. Lakini kila mwajiri anahesabu saa zake tu. Mwili unazihesabu zote. Muuguzi aliyemaliza zamu ya mchana hospitali ya serikali saa moja na nusu jioni, akapanda bodaboda, akaanza kwako saa mbili, kwenye daftari lako ni mtu mpya anayeanza zamu. Saa kumi alfajiri anapovuta insulini kwenye bomba la sindano, ni mtu ambaye hajalala kwa karibu siku nzima.

Muulize, na uliza kwa heshima: "Sista, leo umetokea wapi? Umelala saa ngapi? Kesho asubuhi unakwenda wapi?" Swali la tatu ni muhimu kama la kwanza, kwa sababu anayejua kuwa saa mbili asubuhi anaingia kazi nyingine hatakubali kupumzika hata ukimpa nafasi. Kama ametoka zamu nyingine siku ileile, jibu sahihi ni kutafuta mtu mwingine. Najua kwamba kuna usiku ambao mtu mwingine hayupo. Basi usimwache peke yake na dawa. Insulini, potasiamu ya mshipani, mofini na dozi zote za watoto zihakikiwe na macho mawili mengine kabla hazijatolewa. Mpangie mapumziko halisi katikati ya usiku, alale dakika ishirini au thelathini kwenye chumba chenye mlango, na asubuhi asiendeshe gari wala pikipiki mwenyewe.

Lakini hakuna atakayekujibu ukweli kama ukweli unamnyima pesa. Mtu anayelipwa kwa zamu, mwenye kodi ya nyumba na ada ya shule, ukimwambia "kama unaharisha rudi nyumbani" bila kusema lolote kuhusu nauli na posho, umemfundisha kunyamaza. Wekeni utaratibu ulioandikwa, aujue kabla hajaja: akitoa taarifa kuwa hawezi, jina lake halishuki kwenye orodha na ndiye wa kwanza kuitwa akipona. Akiwa amefika kwa mwito wenu ndipo mkaamua asifanye kazi, alipwe nauli na sehemu ya posho. Hesabu ya fedha hiyo ni ndogo ukiiweka kando ya wodi ya watoto iliyoambukizwa kuhara kwa wakati mmoja.

Majibu yake nayo yanahitaji ulinzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Anayeuliza kwa undani awe daktari au muuguzi aliyepewa jukumu hilo, na fomu ifungiwe kabatini mwake. Matroni anayepanga zamu apewe neno moja tu: anafaa, anafaa kwa masharti, au hafai kwa sasa. Masharti yaandikwe kama kazi: "asiinue mgonjwa peke yake," "asipangwe usiku." Jina la ugonjwa halimhusu, na wala lisitajwe kwenye kundi la WhatsApp la wodi.

Nyumbani mambo hubadilika sura. Familia inayomtafuta dada wa kumhudumia mama aliyepooza huuliza kama ni mwaminifu na kama anajua kupika uji. Mgongo wake hauulizwi, ilhali ndio utakaofanya kazi zaidi kuliko kitu kingine. Kabla hamjakubaliana mshahara, mwiteni aone chumba. Ageuze mgonjwa mbele yenu akisaidiwa, abadilishe shuka na pampasi, amsogeze hadi kwenye kiti. Mtaona kama anaweza, naye ataona kama anataka. Mgonjwa anayelala kwenye godoro la sakafuni atamvunja mgongo hata kijana mwenye nguvu, kwa hiyo tafuteni kitanda kinachofika usawa wa nyonga za anayehudumia. Shuka nene iliyokunjwa mara mbili chini ya mgonjwa, kutoka mabegani hadi mapajani, huwawezesha watu wawili kumsogeza bila kumbeba. Kazi hiyo isiachiwe mtu mmoja. Awepo mwana, mjukuu au jirani wa kushika upande wa pili asubuhi na jioni. Dada naye aulizwe kuhusu kikohozi, na aambiwe kwa uwazi kama mgonjwa ana kifua kikuu au homa ya ini, ili apate kinga kabla hajaanza.

Anayelala chumba kimoja na mgonjwa na kuamshwa mara nne kila usiku anafanya zamu mbili kwa mshahara wa moja. Pangeni angalau siku moja nzima kila wiki ambayo mtu wa familia analala chumbani kwa mama, na dada analala kwake.