Uvimbe mwekundu wa mtoto mchanga: usingoje, uonyeshe kliniki

Mtoto huzaliwa ngozi ikiwa safi. Wiki chache baadaye doa dogo linatokea shavuni au kichwani, kisha linavimba na kuwa jekundu. Kwenye ngozi nyeusi laweza kuonekana la zambarau. Huo ni mkusanyiko wa mishipa midogo ya damu ambao madaktari huuita hemanjioma. Si saratani, hauambukizi, wala hautokani na chochote alichokula mama akiwa mjamzito. Huwapata zaidi wasichana na watoto waliozaliwa kabla ya wakati.

Wazazi wengi huambiwa utaisha wenyewe. Mara nyingi ni kweli, ingawa huchukua miaka. Lakini uvimbe huu hukua kwa kasi zaidi katika miezi miwili ya kwanza, na mahali pengine ni hatari. Karibu na jicho unaweza kumharibia mtoto uwezo wa kuona. Kwenye pua au mdomo huweza kuacha ulemavu, na panapofungwa nepi huchubuka ukawa kidonda chenye maumivu makali. Ukiwa kidevuni au shingoni na mtoto anapumua kwa sauti, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Chanjo za wiki ya 6 na ya 10 huangukia wakati huo huo. Mvue mtoto nguo, mwonyeshe muuguzi, naye aandike ukubwa wa uvimbe katika Kijitabu cha Mama na Mtoto.

Dawa ipo, na iligunduliwa kwa bahati. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walieleza kwamba mtoto aliyepewa propranololi kwa ajili ya moyo alianza kupungua uvimbe. Leo ndiyo tiba kuu. Hutolewa kwa kipimo cha uzito wa mtoto, kwa kawaida miezi 6 au zaidi.

Sasa, propranololi pia ni dawa ya presha, na huenda nyanya anayo nyumbani. Usivunje tembe yake ukampa mtoto! Hushusha sukari mwilini na kupunguza mapigo ya moyo, ndiyo maana daktari humpima mtoto kwanza. Mpe anaponyonya au mara tu baada ya kunyonya. Akitapika au akikataa kunyonya, ruka dozi hiyo na uwasiliane na kliniki. Akilegea, akitetemeka, akitokwa na jasho baridi au akipumua kwa shida, mkimbize hospitali, na uibebe chupa ya dawa.