Dondoo Muhimu: Kabla ya Kununua Kitabu cha Kidijitali

Mzazi, kabla hujatoa fedha:

• Tafuta kwanza katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambamo vitabu vya kiada husomwa bila malipo, ila gharama ya bando ni juu yako.

• Hakikisha kitabu kina ithibati ya Kamishna wa Elimu, na kwamba chaafikiana na mtaala wa mwanao, kwani mtaala mpya ulianza kutekelezwa kwa awamu Januari 2024.

• Uliza, kabla ya kukubali bei, kama utakimiliki daima au kwa muda maalumu, na kama kitasomeka pasipo intaneti na baada ya kubadili simu.

• Hifadhi stakabadhi, maana lalamiko lisilo na ushahidi ni taabu kulitetea mbele ya Tume ya Ushindani.