SOMO LA AFYA: NDANI YA KIUNGO KINACHOVIMBA



Hapa Kasese na Bwera husikika mama akisema vidole vyake vimevimba kwa sababu ya baridi ya mlimani. Wengi huita ugonjwa huu baridi yabisi, na jina hilo hupotosha. Baridi yaweza kuzidisha maumivu, lakini si chanzo. Kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, hushambulia viungo vya mwili wenyewe.

Je, kiungo chenye afya kikoje?

Mfuko wa kiungo una utando mwembamba kwa ndani. Juu ya utando huo kuna seli za aina mbili: makrofeji, zinazokula uchafu, na fibroblasti, zinazotengeneza ute wa kulainisha kiungo.

Je, mtu akiugua hutokea nini?

Seli nyeupe za damu huingia katika utando kwa wingi. Seli T huzichochea nyingine. Seli B hutengeneza kingamwili zinazoulenga mwili wenyewe. Makrofeji hutoa kemikali iitwayo TNF, ambayo huamsha fibroblasti. Hizo nazo huongezeka, huita seli nyeupe zaidi na kula gegedu. Mwishowe seli za kumung'unya mfupa huanza kazi. Ni kama moto wa jikoni ambao kila apitaye anauongezea kuni.

Je, wagonjwa wote ni sawa?

Hapana. Mwaka 2023 watafiti walitangaza matokeo ya kuchunguza seli zaidi ya 314,000 kutoka viungo vya watu 79. Waliona kuwa viungo vya wagonjwa hugawanyika katika makundi 6, kila kundi na mchanganyiko wake wa seli. Kwa hiyo dawa iliyomfaa jirani yako huenda isikufae wewe.

Ufanye nini?

Nenda kituo cha afya mapema ukiona dalili hizi:

- Vidole au vifundo vya mikono yote miwili vimevimba.
- Asubuhi viungo vinakakamaa kwa zaidi ya nusu saa.
- Hali hiyo imeendelea kwa wiki 6 au zaidi.

Usitegemee vidonge vya maumivu vya dukani. Diklofenaki hutuliza maumivu, lakini moto unaendelea kuwaka. Usinunue prednisoloni bila kuandikiwa: ikitumiwa kwa muda mrefu huongeza sukari mwilini, hudhoofisha mifupa na kupunguza kinga.

Ukipewa metotrekseti, meza mara moja kwa WIKI, si kila siku. Kuimeza kila siku kwaweza kuua. Mama mjamzito, au anayetarajia kushika mimba, amweleze daktari kwanza, kwani dawa hii hudhuru mtoto tumboni.

KUMBUKA: Mfupa ulioliwa haurudishwi na dawa. Kidole kinachoanza kuvimba leo bado chaweza kuokolewa, nacho ndicho kitakachoshika jembe kesho.